Kapiteni iko na miaka ngapi? Historia ya hesabu mu masomo yetu

Bandugu wasomi, musipitishe kwanza. Najua mutu akisema "hesabu ya primeri", wengi wetu tunakumbuka fimbo na tabli ya saba. Lakini hii habari ilianza na mbuzi.

Toka mwezi wa tisa niko nafundisha mwaka wa tano ku masomo moja hapa Goma, upande wa Ndosho. Wenye wananijua watauliza: agronomi na kere ya mwalimu, wapi na wapi? Lisanse yangu iko ndani ya farde, inalala. Mwalimu mumoja aliacha kazi, wakaniomba nikamate nafasi yake "kwa muda kidogo". Ule muda kidogo njo huu.

Siku moja, bila kuwaambia watoto kitu, niliandika ku tablo: Ku boti yenye kutoka Bukavu kuja Goma kuko mbuzi 26 na kondoo 10. Kapiteni iko na miaka ngapi?

Kimya. Biki zikaanza kutembea. Hata dakika mbili hazikuisha, mikono juu: "Mwalimu, miaka 36!" Mumoja alikuwa ametoa, akapata 16. Mwenzake wa pembeni akamusahihisha: "Miaka 16 ni mutoto, hawawezi kumupa boti." Hapo nilicheka, lakini ile jibu ilinibakia mu kichwa. Kumbe walikuwa wanafikiri! Walifikiria kama ni kujumlisha ao ni kutoa. Chenye hawakufikiria ni swali lenyewe.

Karibu darasa nzima waliandika 36. Nyuma kabisa, binti mumoja hakuandika kitu. Ni mwenye anarudilia mwaka wa tano, na ku rapoti yake ya zamani waliandika kama ni muzaifu sana mu hesabu. Nikamufikia na sura ya ukali: "Jibu yako iko wapi?" Akajibu pole pole: "Mwalimu, kapiteni mwenyewe hata hatumujue. Miaka yake itatokea wapi?" Darasa ikamucheka. Mimi nilirudi ku tablo, nikafuta mbuzi na kondoo, sikujua niseme nini.

Ile swali si mimi niliitunga. Mu mwaka wa 1980, watafiti wa kufundisha hesabu kule Grenoble, Ufaransa, waliuliza watoto 97 wa primeri swali ya namna ile, mbuzi na kondoo ku boti. Watoto 76 walitumia zile namba na wakatoa miaka ya kapiteni. Ilileta kelele sana, na mu 1985 mwalimu Stella Baruk akaandika kitabu chenye jina ya ule kapiteni. Kusoma ile kulinipoza moyo kidogo: si watoto wa Ndosho njo wako na shida. Kuko kitu masomo inafundisha bila kuiandika mu programu. Kila swali iko na jibu. Jibu inatoka ndani ya namba zenye ziko ku tablo. Na namba zote lazima zitumike. Mutoto mwenye ameshika ile sheria tatu anapita mwaka. Mwenye anauliza "itatokea wapi" anarudilia.

Sasa niliuliza: hii ilianza lini kwetu? Juu haikuwa vile siku zote.

Ku kaskazini ya hii provensi yetu, upande wa Beni, pale mto Semliki inatoka ndani ya ziwa Edward, kuko pahali panaitwa Ishango. Mu 1950, mwanajiolojia Mubeleji Jean de Heinzelin de Braucourt alikuwa anachimba pale, ndani ya mbuga yenye ilikuwa inaitwa Parc National Albert, leo Virunga. Akatoa mu udongo mufupa mudogo, urefu karibu santimetri 10, wenye kipande cha kwarizi ku ncha moja. Ku ule mufupa mutu alikata alama, mafungu mafungu, mu mistari tatu. Musitari mumoja: 11, 13, 17, 19. Mwingine: 11, 21, 19, 9. Jumlisheni wenyewe, kila mumoja unatoa 60. Wa tatu unatoa 48: 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, kiisha 5 na 7. Kwanza walifikiri ule mufupa uko na miaka elfu chache tu. Leo wanauhesabia miaka 20 000 hivi, ao hata zaidi.

Muangalie tena. 3 inakuwa 6, 4 inakuwa 8, 10 inagawanyika inakuwa 5. Pa musitari mwingine kuko 10 na moja, 20 na moja, 20 kutoa moja, 10 kutoa moja. De Heinzelin alifikiri ni muchezo wa hesabu. Alexander Marshack, Mumarekani, alisema hapana, ni kalenda ya mwezi. Wengine wanasema alama ni za kufanya mukono usiteleze, basi. Mimi sitawaambia kama hesabu ya dunia nzima ilizaliwa Ishango, vile naonaka wandugu wanaandika ku intaneti na moto mingi. Chenye naona ni hii: tuko na jibu, lakini swali ilipotea. Mutu mumoja wa huku kwetu alikuwa na shida, akaamua kitu gani cha kuhesabu, samaki ao siku ao deni, akakata ku mufupa. Hakuna mutu alimuandikia namba ku tablo. Na ule mufupa uko Bruseli, mu nyumba ya makumbusho ya sayansi asili. Mutoto wa Goma akitaka kuuona, apande ndege.

Tuje ku masomo ya Wabeleji. Wakati wa koloni, kufundisha kulikuwa mu mikono ya mamisioni, na Leta ilitoa mupango mu 1925, kiisha ikausahihisha mu 1929: miaka mbili ya kwanza kwa wote, miaka tatu yenye kufuata kwa wenye waliendelea. Mu 1948 wakagawanya ile sehemu ya pili: njia moja ya kawaida, kwa watoto wenye watabakia mu kijiji, na njia ingine ya kuchagua, kwa wenye watapanda sekondari. Elimu ilipashwa kuwa "ya kufaa". Ya kufaa kwa nani? Kwa misioni yenye ilikuwa inatafuta walimu na makatekista. Kwa ofisi na plantasio zenye zilikuwa zinatafuta makarani wa kupima mifuko na kujaza vitabu. Karani haulizwe kama kupima ni kwa lazima. Anaulizwa kilo ngapi.

Babu yangu alisoma kwa Mapadri Weupe miaka ya 1950. Mpaka siku za mwisho alikuwa anaweza kuimba kwa kifransa, bila kupumua: kilogramu, hektogramu, dekagramu, gramu. Tulikuwa tunamuombaka aimbe, tunacheka. Na huyu muzee aliuza maharagi maisha yake yote kwa kikombe. Sikumuona hata siku moja anatumia hektogramu. Alikuwa na hesabu mbili mu kichwa kimoja. Moja ya kuimba, ingine ya kula. Na hazikusalimiana.

Ginsi leso ilikuwa inapangwa wakati ule, tunaijua juu hatujaiacha: kanuni kwanza, mufano, mazoezi, na problemu ku mwisho kabisa, kama muda ungalipo. Problemu ilikuwa matabishi. Mukinunua nyanya, mama anaongeza moja. Asipoongeza, si kitu.

Nyuma ya uhuru, mu 1962, Leta mupya ilibadilisha programu, kifransa ikakuwa luga ya kufundishia toka mwaka wa kwanza. Walitaka watoto wa Kongo wasome sawa na wa Ulaya, na naelewa kabisa juu ya nini: ile "elimu ya kufaa" ilikuwa imewafungia watu mulango, na ku 1960 Wakongomani wenye diploma ya iniversite walikuwa kidogo sana kwa inchi kubwa vile. Lakini fikirieni mutoto wa miaka saba, kwao wanasema kiswahili ao kihunde ao kinande ao kinyarwanda, anapewa problemu ya mistari tatu ya kifransa. Maneno haelewe. Namba anaelewa. Atafanya nini? Atakamata namba, ataacha maneno, atajumlisha. Naamini kapiteni wa miaka 36 alipanda boti yetu hapo.

Kiisha ikakuja mambo ya matematika ya kisasa. Kule Ubeleji kulikuwa mwalimu mumoja wa iniversite, Georges Papy, na bibi yake Frédérique, wenye waliamini kama hesabu yote inaweza kufundishwa kuanzia ansambli, na mishale ya rangi. Ubeleji ikaiweka kwa lazima mu sekondari mu 1968. Na sisi, vile kawaida, tukapokea. Baba yangu alichunga kaye yake ya wakati wa Zaire: viduara, mishale nyekundu na ya kijani, uzuri sana, inafanana na kitenge. Nikamuuliza, "Baba, hii ilikuwa inatumika ku nini?" Akaangalia muda murefu. "Ku egzamen."

Majirani nao hawakulala. Mu 1962, kule Entebbe, Uganda, waalimu Wamarekani na Waafrika walikutana kuandika vitabu vipya vya hesabu kwa inchi za kiingereza. Watu waliviita hesabu ya Entebbe. Hapo njo historia inapata utamu kidogo. John Gay na Michael Cole walikuwa wanashangaa, kule Liberia, juu ya nini watoto wa kabila ya Kpelle wanashindwa ile hesabu mupya. Badala ya kusema "hawana akili", waliwaangalia mu maisha yao. Wakaweka muchele mu bakuli, wakauliza: hapa kuko vikombe ngapi? Wakulima Wakpelle walikisia karibu kabisa na ukweli. Wamarekani wenye kusoma walipotea mbali. Kitabu yao ilitoka mu 1967. Nilipoisoma nikamufikiria babu na kikombe yake.

Na mu 1985, watafiti watatu kule Brazili, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa utafiti wao wa Recife. Walienda ku soko kununua kwa watoto watano, wa miaka 9 mpaka 15, wenye wanauza nazi na vitu vingine. Mu maswali 63 ya kununua, "nikamata kumi ni ngapi, nikikupa mia tano unanirudishia ngapi", watoto walijibu vizuri 98 kwa mia. Kiisha wakawapa hesabu zile zile ku karatasi. Zenye ziliandikwa kama hadithi, wakapata 74 kwa mia. Zenye zilikuwa namba tupu, 37 kwa mia. Watoto ni wale wale! Mutoto mumoja, kwa nazi kumi, hakuweka sifuri nyuma vile masomo inafundisha. Alihesabu nazi tatu, akaongeza tatu, akaongeza tatu, akaongeza moja, juu ku soko watu wanakamataka tatu tatu.

Mara moja nilipita ku soko ya Kituku, pembeni ya ziwa, jumamosi saa kumi. Pale nikaona yule binti wangu wa nyuma, amekaa na besani ya sambaza, anauza na mama yake. (Sambaza nazo, kwa wenye hawajue, si za ziwa Kivu, ziliretwa toka Tanganyika ku mwisho wa miaka ya 1950. Kila kitu tunaita "chetu" iko na safari yake.) Nikamuambia nipe sahani tatu. Sahani moja ni franga 2 000. Nikamupa noti ya 10 000. Mbele nifunge kinywa, 4 000 iko mu mukono yangu, na sambaza tano za matabishi. Jumatatu, ku interogasio, nilimuona anaandika 10 000 kutoa 6 000, moja chini ya ingine, akapanga zile sifuri vibaya, akapata 9 400. Nikamuita. "Ku soko ungemurudishia mutu 9 400?" Akaniangalia sawa vile mutu anaangalia mwendawazimu. "Mwalimu, ile ni feza. Hii ni hesabu."

Nisiwahukumu watoto peke yao, juu mimi pia ile ugonjwa niko nayo. Wakati wa staji, mu teritware ya Nyiragongo, mama mumoja aliniomba nimupimie shamba, nimuambie mbegu ya maharagi ngapi. Nilifurahi kama mutu mwenye amepata swali ya egzamen yenye alisoma jana. Upande moja metre 40, upande ingine 30: metre karé 1 200, ni ari 12. Kwa hekta moja kilo 100 hivi, basi kilo 12. Nikaandika, nikapiga musitari chini. Mama akacheka kidogo, kwa heshima. "Mwanangu, hii shamba inakamataka nane. Mbegu haioti juu ya mawe." Wenye mumefika kule munajua: volkano iliacha mawe ya leusi katikati ya shamba, kama nyumba, na mimi nilikuwa nimekaa juu yake nikipiga hesabu! Formula yangu ilikuwa sawa. Kuzidisha kulikuwa sawa. Miaka yote ya iniversite hakuna mutu alinipa shamba yenye mawe, walinipa rektangli. Ku masomo mutu mwingine alikuwa amekwisha kutoa mawe.

Hapo njo niko na ugomvi na hii maneno ya "kufundisha kwa njia ya problemu", yenye sasa iko ku kila semineri. Si maneno mupya. George Polya, mu 1945, aliandika kama kazi ya kwanza ya mwenye anatafuta ni kuelewa swali: nini hatujue, nini tuko nayo. Mu 1969 iniversite ya McMaster, Kanada, ilianza kufundisha wanganga hivyo: mugonjwa kwanza, leso nyuma. Toka pale ikashuka mpaka primeri. Kwetu, programu ya primeri ya 2011, sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014, na programu mupya za sayansi za mwaka wa 7 na wa 8 zenye zilianza 2018, zote zinaelekea pale. Mu zile za 7 na 8, kila leso inafunguka na "situation", hali moja ya maisha. Ni mabadiliko makubwa, tuseme ukweli: problemu ilitoka ku mwisho ikakuja mbele.

Lakini mara mingi inakuja imekwisha kuoshwa. "Baba fulani iko na shamba ya metre 40 kwa 30." Mawe wapi? Mutoto anasoma ile hali, anatafuta namba, anauliza "mwalimu, ni kuzidisha?", na mwalimu, mwenye iko na watoto sitini na zaidi mbele yake (toka gratuité ya mwezi wa tisa 2019 madarasa mengi yalifurika, na nafurahia wale watoto waliingia), anajibu "ndiyo". Kiisha ku mwisho wa mwaka wa sita kuko egzamen ya Leta, maswali ya kuchagua jibu, kwa kifransa. Pale hakuna mutu atakuuliza juu ya nini unapima ile shamba. Mwalimu si mujinga, anafundisha chenye kitaulizwa.

Nilijaribu, na sitawadanganya kama ilienda muzuri tu. Mu mwezi wa pili tulikuwa na shida ya maji ku masomo. Nikauliza darasa swali moja bila namba: tunahitaji bidoni ngapi kwa juma? Basi. Wakangoja namba. Zikakosa. Dakika kumi za kwanza zilikuwa aibu, wengine wanacheza, mimi natoka jasho. Kiisha mumoja akauliza: ya kunywa ao ya kunawa pia? Mwingine: kikombe ya nani, ya kwako ao ya kwangu? Wakaleta vikombe. Wakachagua kimoja, wakajaza bidoni ya litre 20, ikakamata vikombe 80. Wakasema kila mutoto vikombe mbili kwa siku. Tuko 62. Vikombe 124, ni litre 31.

Hapo vita ikaanza. Kundi moja: litre 31 ni bidoni mbili kwa siku, siku sita, bidoni 12. Kundi ingine: litre 31 mara sita ni 186, ni bidoni tisa na kipande, basi 10. Kila kundi ilikuwa na hesabu ya sawa kabisa. Walipiga kelele mpaka mwalimu wa pembeni akaja kuchungulia. Ni mutoto mwenye haongeaka, mwenye jina yake nilikuwa nasahau, mwenye aliona: "Wale wanachunga maji yenye kubakia. Sisi tunaimwanga." Sasa swali ikakuwa ingine: maji yenye kulala mu bidoni isio na kifuniko, tunaikunywa? Kolera kila mutu hapa Goma anaijua. Wakaamua 12, ao 10 na vifuniko. Vifuniko ni bei gani? Na vile vile tukaendelea.

Ilikamata siku tatu. Leso ya sehemu za kumi haikufundishwa ile juma. Muzazi mumoja alikuja na hasira: "Mwalimu, mutoto anasema munahesabu vikombe. Vikombe hata ku nyumba viko." Wakubwa wa masomo waliniita, wakaniuliza niko nafuata programu ya nani. Na kuko kosa yangu mwenyewe pia: watoto wengi walikwama ku 62 mara mbili, wanahesabia ku vidole, juu tangu mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimeacha tabli nikizani ni mambo ya zamani. Nikarudisha tabli, kila asubui dakika kumi, hata kuimba tunaimba. Babu hakukosa yote. Mutu asiojua 7 mara 8 hawezi kugombana vizuri juu ya bidoni.

Yule binti? Mama yake alikuja mwezi uliopita. Hakuja na hasira, alikuja kuuliza kwa utulivu, na ile inaumiza zaidi: "Mwalimu, unisemee kweli. Kama atarudilia tena, nimuache ku besani. Ku soko ananisaidia, huku anazeeka tu." Nikamuambia angojee mwezi wa saba. Sikuwa na kitu kingine cha kumuambia. Ku egzamen za kuandika bado anapata chini ya nusu, mara chache nusu. Sifuri sasa anazipanga muzuri.

Juma lililopita niliwaomba kila mumoja aandike problemu yake ya kweli, tutachagua moja. Wengi waliandika maembe na biki. Yeye aliandika mistari sita, kiswahili na kifransa mu mufuko moja. Mama alinunua besani ya sambaza kwa dola 25, asubui dola moja ni franga 2 800. Aliuza sahani 36, kila moja 2 000. Mangaribi kambisti anauzisha dola moja kwa 2 900. Kesho mama anataka kununua besani tena. Mama alipata ao alipoteza? Na mama iko na miaka 34.

Nilinakili yote ku tablo, neno kwa neno. Kundi ya mbele ikapata haraka: alinunua kwa 70 000, akauza kwa 72 000, alipata 2 000. Wakakunja mikono. Kundi ya dirishani ikagawanya 72 000 kwa 2 900, ikapata dola 24 na kitu, na wakanyamaza, juu walikuwa wameona kama ile besani haiwezi tena kununuliwa. "Sasa alipata ao alipoteza?" Walimugeukia yeye, nyuma kule, sawa vile wanageukiaka mwalimu. Akasema inategemea unahesabia na nini, na kama iko mu mama, anahesabiaka na besani.

Nikapita kuangalia kaye. Ile 34, darasa karibu yote waliiacha. Wawili waliijumlisha.